Kambi, Mshahara na Mapenzi: Kumsoma John D'Emilio Tukiwa Lubumbashi

Mwaka 1983 mwanahistoria Mmarekani John D'Emilio alichapisha makala ya kurasa chache iliyounganisha vitu viwili ambavyo watu wengi hawavitaji pamoja: ubepari na utambulisho wa mashoga. D'Emilio mwenyewe ni shoga, na alikuwa mwanaharakati kabla hajawa profesa. Hata hivyo hoja yake iligonga kwanza imani ya watu wa upande wake. Alisema mashoga na wasagaji hawakuwepo siku zote. Walitokea katika historia, katika nchi fulani na wakati fulani, na sababu kubwa ya kutokea kwao ni kazi ya mshahara.

Itamke hoja hiyo Lubumbashi, mji wetu wa migodi kusini mwa Kongo, ndani ya basi la kwenda mtaa wa Katuba au nje ya kanisa baada ya misa, na mtu mmoja atakujibu papo hapo: si ndiyo tunayosema, hayo ni mambo ya Wazungu? Mwingine, yule anayejua moyoni mwake kwamba anavutiwa na watu wa jinsia yake na hajawahi kumwambia mtu, atahisi ameambiwa kuwa yeye ni bidhaa iliyoletwa kwa meli. Wote wawili watakuwa wamesikia jambo ambalo D'Emilio hakulisema. Nataka kulieleza alilosema, kwa sababu naamini mji wetu una uwezo wa kumpima kuliko miji mingi. Lubumbashi ilizaliwa na mshahara. Reli kutoka Rhodesia ilifika hapa mwaka 1910, tanuru la Union Minière, kampuni ya shaba ya enzi ya Wabelgiji, likaanza kuyeyusha shaba mwaka uliofuata, na tangu hapo karibu kila aliyehamia Élisabethville, kama mji ulivyoitwa wakati wa ukoloni, alihamia kwa sababu ya mshahara, uwe wake au wa mtu aliyemtegemea.

Kitendo, mvuto na utambulisho

Msingi wa hoja ni kutenganisha mambo matatu ambayo mazungumzo ya kila siku huyafunga pamoja. Kitendo ni kile watu wawili wanachofanya. Mvuto ni kile mtu anachohisi, afanye asifanye. Utambulisho ni mtu kujiona, na kuonwa na wenzake, kuwa wa aina fulani ya binadamu kwa sababu ya mvuto huo, kiasi cha kuyapanga maisha yake kuuzunguka: wa kuishi naye, mtaa wa kukaa, marafiki wa kuzeeka nao, hata madai ya kupeleka serikalini. D'Emilio hana shida kukubali kwamba vitendo na mvuto vimekuwepo katika jamii nyingi na enzi nyingi. Kwake chenye tarehe ya kuzaliwa ni hicho cha tatu.

Hakuwa wa kwanza kufikiri hivyo. Mwaka 1968 Mary McIntosh, mwanasosholojia wa Uingereza, aliandika kwamba ushoga ni nafasi ambayo jamii humpa mtu, na kwamba si kila jamii ina nafasi hiyo. Mwaka 1976 Michel Foucault alisema Ufaransa jambo lililosikika mbali zaidi. Zamani, alisema, sheria za Kanisa na za wafalme wa Ulaya ziliadhibu kitendo, na kitendo hicho kilikuwa dhambi ambayo mtu yeyote angeweza kuiangukia. Katika karne ya 19 madaktari walimchukua mtendaji wakamfanya aina ya kiumbe, mwenye utoto wake, tabia yake na mwili wake wa kuchunguzwa. Foucault alithubutu hata kutaja mwaka, 1870, akielekeza kwenye makala ya daktari Mjerumani Carl Westphal. Upande wa pili alisimama John Boswell wa Chuo Kikuu cha Yale, ambaye kitabu chake cha mwaka 1980 kilidai kwamba watu wa namna hii walikuwepo na kujuana hata katika Ulaya ya Kikristo ya zama za kati. Mabishano hayo yalitawala miaka ya 1980 na hayajaisha kabisa.

Msomaji wa Lubumbashi ana njia ya karibu ya kumwelewa Foucault, nayo inapitia kwa mwana wa Likasi. V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa huko mwaka 1941, alifundisha katika kitivo cha fasihi cha chuo kikuu hapa Lubumbashi miaka ya 1970. Mwaka 1988, akiwa tayari ughaibuni, alichapisha kitabu chake kikubwa kuhusu namna Afrika ilivyobuniwa. Kwa kutumia zana za Foucault alionyesha jinsi wamisionari, wanaanthropolojia na maofisa wa kikoloni walivyomtengeneza "Mwafrika" kuwa kitu cha kuelezwa, chenye asili moja na akili moja. Hakuna aliyemsoma Mudimbe akafikiri anasema watu hawakuishi hapa kabla ya wazungu kuja na madaftari yao. Watu walikuwepo, na majina yao, na mapenzi yao. Kilichoundwa ni kapu waliloingizwa wote. D'Emilio na Foucault wanasema jambo la aina hiyohiyo kuhusu mashoga, na anayelikubali kwa Mudimbe hana sababu ya kulikataa kwao kabla hajawasikiliza.

Kuna mfano wa karibu unaosaidia pia kuona tofauti hizo tatu. Kwa Wakuria wa mkoa wa Mara, Tanzania, mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kumwoa mwanamke mwingine. Anatoa ng'ombe, na watoto wanaozaliwa wanakuwa wa nyumba yake. Wenyewe hawaoni humo mapenzi ya wanawake wawili. Ni njia ya kuiokoa nyumba isife. Ifi Amadiume, mwanaanthropolojia wa Nigeria aliyeandika mwaka 1987 kuhusu desturi kama hiyo kwa Waigbo, alikataa kwa ukali kuona wasomi wa nje wakiigeuza kuwa ushahidi wa usagaji. Nadhani alikuwa na haki. Ndoa ya wanawake wawili bila mvuto inawezekana, kama ambavyo mvuto bila ndoa, bila kitendo na bila jina lolote unawezekana.

Kaya iliyolisha na kaya iliyopenda

Sasa kwa nini mshahara? D'Emilio anaanza na New England (kaskazini mashariki mwa Marekani) ya karne ya 17 na 18. Kaya ya walowezi ilikuwa shamba, karakana na ghala kwa pamoja. Chakula kililimwa hapo na nguo zilifumwa hapo. Mume hakuweza kuishi bila kazi ya mke, mke hakuweza bila kazi ya mume, na wote wawili walihitaji mikono ya watoto, ndiyo maana mwanamke alizaa kwa wastani watoto wapatao saba. Sheria za huko zilifika hatua ya kukataza mtu kuishi peke yake. Kumbukumbu za mahakama zinaonyesha wanaume walioshtakiwa kwa vitendo na wanaume wenzao, na baadhi walinyongwa. Lakini hapakuwa na nafasi ya kiuchumi ambamo mtu angeweza kusema: maisha yangu nitayapanga kuzunguka mvuto huu. Angekula wapi?

Karne ya 19 ilileta viwanda, na viwanda vilileta mtu anayelipwa yeye binafsi. Ghafla kijana aliweza kula bila shamba la baba yake. Kaya ikaacha kuwa mahali pa kuzalisha, ikawa mahali pa kupendana. Kufikia mwaka 1900 idadi ya watoto kwa kila mwanamke ilikuwa imeshuka hadi karibu nusu, ishara kwamba watu walianza kuona tendo la ndoa kama jambo la furaha na ukaribu, mbali na haja ya kupata mikono ya shambani. Na mara tu ndoa ilipoelezwa kuwa ni ya moyo, baadhi ya watu walitambua kwamba moyo wao unaelekea kwingine, na kwamba mshahara unawaruhusu kuufuata. Wakakutana kwenye baa, kwenye nyumba za kupanga vyumba, kwenye hosteli za vijana, na wanawake kwenye vyuo vya wanawake ambako walimu wa kike waliishi wawili wawili kwa miaka mingi. Wanaume walitangulia na walikuwa wengi zaidi. D'Emilio analieleza hilo bila kuzungukazunguka: mshahara wa mwanamke ulikuwa mdogo mno kumwezesha kuishi bila mume.

Kisha vita. Kati ya mwaka 1941 na 1945 mamilioni ya Wamarekani walitolewa vijijini kwao wakawekwa kambini na viwandani, wanaume na wanaume, wanawake na wanawake. Vita vilipoisha, wengi hawakurudi. Walibaki San Francisco, New York, Los Angeles. Serikali ikaanza kuwasaka miaka ya 1950, ikawafukuza kazini kwa mamia, na msako huo ukawafundisha kwamba wao ni kundi. Chama cha Mattachine kilianzishwa Los Angeles mwaka 1950, na kile cha wanawake, Daughters of Bilitis, San Francisco mwaka 1955. Katika kitabu chake kikubwa cha mwaka huohuo wa 1983, kinachohusu miaka ya 1940 hadi 1970, D'Emilio anathibitisha kwamba usiku wa tarehe 28 Juni 1969, wateja wa baa ya Stonewall walipokataa kukamatwa na polisi wa New York, hawakuwa wanaanzisha kitu kutoka sifuri. Nyuma yao palikuwa na miaka karibu ishirini ya vikao vidogo, barua, na watu waliopoteza kazi.

Sehemu inayonigusa zaidi katika makala yake ni kitendawili anachokiweka mwishoni. Ubepari, anasema, unaiondolea familia nguzo zake za kiuchumi, halafu unawaambia watu kwamba familia ndiyo mahali pekee pa kupata upendo na usalama. Familia zinapotikisika, na lazima zitikisike, anatafutwa wa kulaumiwa. Mashoga na wasagaji wapo karibu kwa kazi hiyo. Sisi tunaujua utaratibu huo kwa sura nyingine. Uchumi wa miji ya Kongo ulipoanguka miaka ya 1990, ni nani aliyelaumiwa kwa njaa ya nyumba? Mara nyingi alikuwa mtoto: yatima au mtoto wa mke wa kwanza, aliyeitwa mchawi na kufukuzwa akalale sokoni. Mshahara uliopotea hakuna aliyeweza kuukamata, ila mtoto alikuwepo mezani.

Mgodi wa dhahabu na mgodi wa shaba

Udhaifu wa D'Emilio ni kwamba mifano yake yote ni ya nchi moja. Akisema mshahara humtoa mtu katika familia na kumpa nafasi ya utambulisho mpya, sisi wa ukanda wa migodi tuna haki ya kuuliza: mshahara gani, na umelipwa vipi?

Tazama kwanza Witwatersrand, ukanda wa dhahabu wa Afrika Kusini. Baada ya dhahabu kugunduliwa huko mwaka 1886, wanaume kutoka Msumbiji, Pondoland na kwingine waliishi katika kambi zilizofungwa, bila wake zao, kwa mikataba ya miezi mingi. Kufikia mwaka 1907 serikali ya Transvaal ilikuwa imeagiza uchunguzi kuhusu kile kilichoitwa ndoa za migodini: mfanyakazi mzoefu, mara nyingi mwenye cheo kidogo, alimchukua mfanyakazi mgeni, akampa zawadi na ulinzi, naye akapikiwa na kufuliwa kama anavyohudumiwa mume. Mwanasosholojia Dunbar Moodie, akiwa na Vivienne Ndatshe na British Sibuyi, alichapisha mwaka 1988 utafiti uliotokana na mahojiano na wazee waliofanya kazi huko. Wazee hao hawakujiona kuwa watu wa aina tofauti. Mgeni alipokea fedha, akazitunza, akarudi nyumbani, akalipa mahari na kuoa. Uhusiano wa mgodini ulisaidia kaya ya kijijini kusimama, kwa sababu mtu aliyejishikilia kambini hakupotelea mjini. Sitaki kuupamba. Ulikuwa wa mkubwa na mdogo, na aliye mdogo hakuwa na nafasi kubwa ya kukataa. Lakini kwa nadharia ya D'Emilio ni pigo zito: mshahara upo, umbali na wazazi upo, vitendo vipo, utambulisho hakuna. Na vijiji vilipokufa kiuchumi, desturi hiyo nayo ilififia.

Sasa rudi Katanga, eneo letu la shaba. Kwa miaka kama ishirini ya kwanza kambi zetu zilifanana na zile za kusini: wanaume wengi, wanawake wachache, vifo vingi, mikataba mifupi. Kisha, kuanzia mwaka 1927 hivi, Union Minière ikabadilisha njia. Kuandika wafanyakazi wapya kila mara kulikuwa ghali, na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) ilikuwa ikifungua migodi yake na kuwahitaji watu wake. Kampuni ikaanza kutoa mikataba ya miaka mitatu na kutaka mfanyakazi aje na mke. Mke alipewa posho, watoto walipewa posho, kukawa na zahanati za wajawazito, shule, na mafunzo ya kupika na kushona kwa wanawake. Serikali ya kikoloni iliongeza mkono wake. Katika miji kadhaa mwanamke anayeishi bila mume alitozwa kodi, na amri ya mwaka 1950 ilizuia ndoa mpya za wake wengi. Padri Placide Tempels, aliyekuwa amechapisha hapa Élisabethville mwaka 1945 kitabu chake kuhusu falsafa ya Kibantu, alianzisha katika kambi za Kolwezi miaka ya 1950 mwamko wa kidini ulioitwa Jamaa, na kiini cha Jamaa kilikuwa umoja wa mume na mke.

Hebu tulitazame hilo kwa makini. Marekani mshahara ulidhoofisha kaya kwa sababu alilipwa mtu mmoja mmoja. Kwetu mshahara wenyewe uliijenga kaya, tena ya umbo moja tu: baba mwenye kazi, mama wa nyumbani, watoto wa kwenda shule ya kampuni. Chumba, unga, dawa na daftari la mtoto vilipita kwenye jina la mume. Familia ambayo leo inatetewa redioni kama urithi wa mababu ilikuwa, kwa sehemu kubwa, sera ya kampuni ya shaba. Babu zetu wa Kiluba, Kibemba au Kilunda walikuwa na familia, ndiyo, lakini zilikuwa za ukoo, za wajomba, mara nyingi za wake wengi, na zisizokaa kwenye nyumba ya matofali ya vyumba viwili yenye namba mlangoni. Ninalisema hili kwa heshima kwa wazee waliolelewa kambini na kuyapenda maisha yale, maana yaliwapa elimu na afya ambavyo wengi wa wajukuu wao hawavipati.

Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameandika historia ya familia hiyo ya mfanyakazi kutoka mwaka 1910 hadi 1997, katika kitabu chake Bana Shaba abandonnés par leur père cha mwaka 2001. Kampuni ilikuwa baba, na baba wa nyumbani alikuwa baba kwa sababu kampuni ilimlipa. Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière, ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba mwaka 1986. Mwaka 1994 zilikuwa kama tani 30,000. Posho ikakatika, mishahara ikacheleweshwa, na mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia na kuitwa wa hiari. Mama akatoka kwenda kuuza makaa na mboga, watoto wakajitafutia, na neno la baba likapungua uzito.

Anayemsoma D'Emilio juu juu angetarajia kwamba hapo ndipo vijana wangekuwa huru kupanga maisha yao wanavyopenda. Kilichotokea ni kinyume, na nadharia yake ikisomwa vizuri inaeleza kwa nini. Uhuru wa kijana wa Chicago ulitokana na kulipwa. Kijana wa Katuba asiye na mshahara anaishi nyumbani kwa wazazi au kwa mjomba mpaka aoe au aolewe. Ada yake inatoka kwa shangazi. Akiugua, ndugu ndio watakaochanga. Akifiwa, ndugu ndio watakaojaza uwanja wa kilio. Kwa mtu kama huyo kujitangaza kuwa shoga au msagaji ni kuweka rehani bukari (ugali) ya kesho, na matibabu, na mazishi. Ukimya unaouona hapa huelezwa sana kwa imani na mila. Mimi nauona zaidi kwenye kodi ya nyumba.

Kilichoundwa ni kweli

Wapo wanaoikamata hoja ya D'Emilio na kuigeuza panga: kama utambulisho huu uliundwa, basi ni wa uongo, na unaweza kuvunjwa. Katanga ilishajibu hoja hiyo kwa maumivu. "Mkasai" kama aina ya mtu hapa kwetu aliundwa na uandikishaji wa kampuni na shirika la reli, vilivyowaleta watu kutoka Kasai kufanya kazi, na kisha na ukoloni uliowapanga watu kwa kabila na kazi. Mwaka 1992 na 1993 watu wa kundi hilo lililoundwa walifukuzwa Likasi na Kolwezi kwa maelfu, wakalala kwenye vituo vya treni wakisubiri mabehewa, na wengi wakafa. Hakuna aliyewaambia kwamba mateso yao si ya kweli kwa kuwa kabila lao la mjini lina umri wa miaka themanini. Hata kuwa Mkongomani kumetokana na mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, na tunakutetea.

D'Emilio mwenyewe aliona hoja ya "tumezaliwa hivi, tumekuwepo daima" kuwa ngao dhaifu. Inawafanya watu kuwa kundi dogo lisilobadilika linaloomba kuvumiliwa. Historia, kwa maoni yake, inatoa msingi imara zaidi, na kuna siku mahakama ilimkubalia. Mwaka 1986 Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imehalalisha sheria za kuadhibu vitendo hivi ikisema makatazo yake yana mizizi ya kale. Tarehe 26 Juni 2003, katika kesi ya Lawrence dhidi ya Texas, ilijigeuza. Jaji Anthony Kennedy aliandika kwamba dhana ya shoga kama aina ya mtu haikuwepo hadi mwisho wa karne ya 19, hivyo sheria za kale hazingeweza kuwa zimewalenga, na akataja kitabu cha D'Emilio na Estelle Freedman kuhusu historia ya mapenzi Marekani. Hoja iliyoonekana kuwadhoofisha mashoga ndiyo iliyosaidia kuiangusha sheria.

Na sheria zetu je? Hapa jiografia inafundisha kuliko hotuba. Toka Lubumbashi kuelekea kusini, na baada ya kilomita kama 90 unafika Kasumbalesa. Upande wetu, kanuni ya adhabu haina kifungu kinachotaja mapenzi ya jinsia moja kati ya watu wazima. Sababu si upole wa Wabelgiji. Mapinduzi ya Ufaransa yalilifuta kosa hilo mwaka 1791, kanuni ya Napoleon ya mwaka 1810 haikulirudisha, Ubelgiji ikarithi, nasi tukarithi kwa Ubelgiji. Kilichopo ni kifungu cha jumla kuhusu kukosea maadili hadharani, ambacho polisi anaweza kukivuta kwa kadiri ya mfuko wake, na ibara ya 40 ya Katiba ya mwaka 2006 inayosema ndoa ni ya watu wa jinsia tofauti. Miswada ya kuongeza adhabu iliwasilishwa bungeni Kinshasa mwaka 2010 na 2013, haikufika kuwa sheria. Vuka kizuizi cha mpaka uingie Zambia, na kifungu cha 155 kinakungoja chenye miaka 15 hadi kifungo cha maisha. Lugha yake, kuhusu mambo yaliyo kinyume cha maumbile, ni ya Waingereza, walioiandika kwa ajili ya India mwaka 1860 na kuisambaza katika makoloni. Mwaka 2019 mahakama ya Lusaka iliwahukumu wanaume wawili miaka 15 jela. Balozi wa Marekani alilalamika hadharani, akalazimika kuondoka nchini, na mwaka 2020 wanaume hao walisamehewa na rais. Wabemba wa upande huu na wa upande ule wana mababu wamoja. Mila yao haikubadilika pale Kasumbalesa. Aliyebadilika ni mkoloni.

Siasa za nje zimeongeza moshi. Mwaka 2007 Joseph Massad, msomi Mpalestina wa New York, alidai kwamba mashirika ya kimataifa ya haki za mashoga yanawalazimishia watu wa nchi nyingine utambulisho usio wao, na kuwaweka kwenye hatari ambayo haikuwepo. Ana hoja pale anaposema majina husafiri na fedha za misaada. Hata mipango ya Ukimwi ililazimika kuliona hilo, ikaanza kuhesabu wanaume kwa kile wanachofanya bila kuwauliza wao ni nani. Lakini Massad anamsahau mtu mwenyewe, kijana anayelisikia jina kwenye simu yake, akalikubali kwa sababu linaeleza kitu alichokibeba peke yake tangu utoto. Hakulazimishwa na balozi yeyote. Kanisa nalo limeingia: Vatikani iliporuhusu mwezi Desemba 2023 baraka fulani kwa wapenzi wa jinsia moja, alikuwa Mkongomani, Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, aliyetangaza Januari 2024 kwa niaba ya maaskofu wa Afrika kwamba baraka hizo hazitatolewa katika makanisa yao. Parokiani kwetu wengi walipiga makofi.

Mabishano hayo yote, ya balozi na kardinali, yanaendeshwa kana kwamba jambo lililopo ni Afrika dhidi ya Ulaya. D'Emilio alimaliza makala yake kwenye swali jingine, na ndilo ninalotamani lifike katika madarasa ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Alitaka vijengwe vitu ambavyo vingewawezesha watu kuishi bila kutegemea familia peke yake: malezi ya watoto yanayoendeshwa na jumuiya au wafanyakazi, nyumba zenye faragha na ujirani kwa pamoja, zahanati za mtaa. Gécamines ilikuwa na zahanati, nyumba na shule, zote kwa sharti la ndoa na cheti cha kazi cha mume. Mjane aliyepoteza posho, msichana aliyetakiwa aolewe haraka ili mdomo upungue, mtoto aliyeitwa mchawi, na kijana asiyethubutu kusema anampenda nani, wote wamesimama kwenye foleni moja mbele ya dirisha ambalo halijafunguliwa tena tangu miaka ya 1990, na lilipokuwa wazi liliuliza kwanza: mume wako ni nani, namba yake ya kazi ni ngapi?